Klipu ya vita imeingia kwenye simu yako: namna ya kuipima kabla hujaifowadi wala hujahukumu

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani hapa Wete, Pemba, kahawa ishazunguka mara mbili, kijana mmoja akatoa simu akatuonesha klipu. Askari katekwa, kapigishwa magoti, damu inamtoka puani, na mtu nyuma ya kamera anamuuliza jina la mamaake huku anacheka. Pale barazani nako watu wakacheka, maana yule askari ni wa upande ambao sisi sote hatuupendi. Mzee mmoja alopigana vita vya Kagera akageuza uso akasema, "Mwacheni huyo, kazi yake ishakwisha." Hakuongeza kitu, kachukua fimbo yake kaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu lile neno la mzee ndo sheria yenyewe, na wengi wetu tulobaki pale tumesoma kumshinda yeye na hatukuiona.

Basi nimeona niandike vile ninavyofanya na vijana wa darsa yangu ya Jumamosi, namna ya kuichukua khabari ya vita, iwe ya Gaza, ya Sudan au ya Congo, ukaipima kwa utulivu. Sio lazima uwe wakili. Na wala usione haya mambo ya mbali, vijana wa Tanzania wamekuwa wakipelekwa Congo na brigedi ya Umoja wa Mataifa tangu 2013, kesho anaweza kuwa mdogo wako kabeba bunduki anatakiwa ajue nani apigwe na nani asipigwe.

Kabla ya kila kitu jiulize, hii ni vita kweli? Sheria za vita zinafanya kazi palipo na vita, yaani dola na dola, au serikali na kundi lenye silaha lilojipanga, au makundi kama hayo yenyewe kwa yenyewe. Maandamano sio vita. Sisi Pemba hili tunalijua kwa machungu, Januari 2001 watu walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 30 ukijumlisha na Unguja, na wengine kiasi ya elfu mbili wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Ile haikuwa vita, kwa hivyo huwezi kuipima kwa kanuni za vitani, na kipimo chake kwa kweli ni kikali zaidi, kwa sababu vitani askari anaweza kumpiga askari wa adui hata akiwa kalala kambini kwake, lakini polisi mbele ya raia risasi ni jambo la mwisho kabisa, pale tu inapobidi kuokoa roho. Kwa hivyo mtu akikwambia "ah ilikuwa kama vita tu" muulize vita gani, baina ya nani na nani, maana neno hilo likiingia tu linamfungulia mtu mlango wa kuua.

Ukishahakikisha ni vita, hapa sasa ndo pana kazi. Kuna mizani mbili na usizichanganye hata siku moja. Ya kwanza inapima SABABU, nani ana haki ya kupigana. Ya pili inapima MWENDO, huyo anaepigana anapiganaje. Karibu ugomvi wote wa barazani unatokana na kuchanganya hizi mbili, mtu anaona upande wake una haki basi kila utakachofanya ni halali, na upande wa pili ni madhalimu basi hata mtoto wao ni halali. Hapana. Mwenye haki anaweza kufanya uhalifu wa kivita, na askari wa jeshi lilovamia anaweza kupigana vita vyote bila ya kumvunjia mtu haki yake.

Chukua mfano wa kwetu wenyewe. Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini, sultani wa Zanzibar, kafariki, Khalid bin Barghash kaingia kasri bila ya ridhaa ya Waengereza, wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshatoka. Hakutoka. Manowari zikaanza kupiga, na kwa hesabu inayotajwa sana ni dakika 38 tu mambo yakawa yashakwisha. Upande wa Khalid watu kiasi ya 500 waliuliwa au walijeruhiwa, upande wa Waengereza baharia mmoja alijeruhiwa. Sasa pima. Waengereza walikuwa na haki ya kutuchagulia nani akae kwenye kiti? Mimi nasema hapana, na nitasema hivyo mpaka nife. Lakini swali la pili ni jengine, yule aliekuwemo kasrini anapiga mzinga, alikuwa halali kupigwa? Ndio alikuwa halali, kama vile baharia wa Kiengereza alivyokuwa halali kwake yeye. Na swali la tatu, kasrini mle mlikuwa na watumishi na watumwa, aliekuwa hakushika silaha je? Huyo hakuwa halali hata kidogo, na aliepiga alitakiwa amfikirie kabla ya kufyatua. (Kanuni za vita za The Hague, Uholanzi, zilikuwa bado kuandikwa, zimekuja 1899 na 1907, kwa hivyo hapa tunafanya zoezi, hatuendeshi kesi.) Asubuhi moja tu, maswali matatu na majibu matatu tofauti, na vijana wakishaliona hili la 1896 basi hata klipu ya leo wanaiangalia kwa jicho jengine.

Na kwenye mfano huohuo kuna jambo linauma lakini lazima niliseme, ile 500 kwa 1 peke yake haithibitishi uhalifu. Watu wengi wanadhani "uwiano" maana yake idadi ya maiti zilingane. Siyo. Wapiganaji hata wafe elfu hawamo kwenye hesabu hiyo. Hesabu ni ya raia, ntakuja hapo chini.

Haya, nani halali kupigwa. Mpiganaji na kitu cha kijeshi, basi. Kuna hadithi moja vijana huwa inawakera, 20 Septemba 1914 alfajiri manowari ya Kiengereza Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja inatengenezwa mashine, haiwezi hata kuondoka, Königsberg ya Wajerumani ikatoka maficho yake Rufiji ikaja ikaipiga mpaka ikazama, wakafa mabaharia zaidi ya 30, na kuna makaburi yao kisiwani Chapwani mpaka leo, ukienda utayaona. Vijana wote wanasema "sio haki, haikuwa tayari". Lakini manowari ni manowari, na askari ambae hajasalimu amri ni askari, sheria haidai umsubiri adui ajiandae. Sasa weka pembeni yake ngarawa ya mvuvi. Mkataba wa The Hague wa 1907 unasema chombo kinachovua pwani na hakifanyi kazi nyengine kisikamatwe hata kama ni cha watu wa adui, almuradi kisishiriki kwenye uadui. Mvuvi wa Kojani haya hana haja ya kuelezwa mara mbili, chombo kile ndo chakula cha watoto.

Raia anapoteza kinga yake pale anaposhiriki mwenyewe kwenye mapigano, na kwa muda ule anaoshiriki. Mke wa askari ni raia, anaelipa kodi ni raia, aliempigia kura waziri wa vita ni raia, anaeshangilia barabarani nae ni raia hata kama roho yako inamchukia. Na ukiwa na shaka mtu huyu ni mpiganaji au raia, sheria inasema mhesabu raia. Skuli, nyumba na msikiti vivyo hivyo, kukiwa na shaka chukulia hakitumiki kijeshi. Hili la shaka ndo la kwanza kuvunjwa, kila vita.

Kwenye uwiano hapa nataka ukae uupime taratibu, maana ndo pagumu. Chukulia, Mungu atuepushe, lori limejaa risasi na makombora limeegeshwa pembeni ya soko la Chake Chake saa nne asubuhi. Lori ni kitu cha kijeshi bila ya ubishi. Je lipigwe? Anaetaka kupiga anatakiwa ajiulize, kwa nilivyojua sasa hivi, raia wangapi natarajia watakufa hapa wauza ndizi na wanunuzi na watoto, na faida ya kijeshi nnayoitarajia ni kubwa kiasi gani, faida ya wazi na ya moja kwa moja, sio "tutawatia hofu". Madhara kwa raia yakizidi faida basi hapigi. Na hata kama hayazidi bado hajamaliza, naweza kungoja usiku soko likiwa tupu? Lori likitoka naweza kulipigia barabarani huko porini ambako hakuna watu? Nina silaha ndogo zaidi? Naweza kutoa onyo? Kama kuna njia isioua raia na inawezekana, anatakiwa aifuate.

Hapo kila mara kijana mmoja ananiuliza, lakini ustadh, aliepeleka lori sokoni si ndo mkosa? Ndio ni mkosa, kajificha nyuma ya raia na hilo ni kosa lake kubwa. Lakini kosa lake halimfungui mikono mwenziwe. Muuza ndizi hakuliegesha yeye lori. Sheria iko wazi kabisa, upande mmoja ukijikinga kwa raia upande wa pili bado una wajibu wote kwa raia walewale. Na kuhusu onyo pia watu wanajidanganya, wanasema "waliambiwa wahame". Bibi alielala kitandani miguu haimchukui kaambiwa ahame saa mbili kabla, hakuhama, bado ni raia. Onyo linampa mtu nafasi ya kuokoka, halimgeuzi kuwa askari.

Kwa hivyo ukiona klipu ya jengo linaanguka, ukweli ni kwamba klipu peke yake mara nyingi haitoshi kukupa jibu. Inakwambia nini kimepigwa, haikwambii mlikuwa na nini ndani, nani alijua nini, na kama kulikuwa na njia nyengine. Sema unachokiona, na yalobaki sema yanataka uchunguzi. Hospitali ndo mwenye kuipiga ana mzigo mzito zaidi wa kujieleza, maana hospitali haipotezi kinga ila ikitumiwa kumdhuru adui nje ya kazi yake ya tiba, na hata hapo lazima litangulie onyo na muda wa kutosha, na onyo lipuuzwe. Wagonjwa walomo ndani bado wanahesabiwa. Askari majeruhi anaetibiwa mle haifanyi hospitali kuwa kambi.

Na maji, mashamba, chakula cha watu. Kuwashindisha raia njaa kama silaha ni uhalifu, na katazo lake limeandikwa kwenye Itifaki ya 1977 iloongezwa kwenye mikataba ya Geneva ya sheria za vita. Lakini sisi hapa tulikuwa tushalisikia zamani. Sayyidna Abu Bakar alipolituma jeshi Sham aliwausia wasiue mwanamke wala mtoto wala mzee, wasikate mti unaozaa, wasiharibu majengo, wasichinje mbuzi wala ngamia ila kwa kula, na watakuta watu wamejitenga kwa ibada zao wawaache na ibada zao. Hiyo ni miaka zaidi ya 1,200 kabla ya Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1864. Silisemi hili ili tujione bora, nalisema kwa sababu nachoka kusikia mtu anasema sheria za vita ni mambo ya wazungu halafu anatumia maneno hayo kumhalalisha mtu wake. Henry Dunant, Mswisi alokuja kuwa mmoja wa waasisi wa Msalaba Mwekundu, aliona majeruhi wameachwa uwanjani Solferino, Italia, mwaka 1859, akakusanya wanakijiji wawahudumie wa pande zote mbili, na kwenye hilo mcha Mungu yeyote wa hapa angemuelewa bila ya mkalimani.

Sasa turudi kwa yule mtekwa. Kazi yake ishakwisha. Aliesalimu amri, aliejeruhiwa hawezi kupigana, aliezimia, alieruka na parashuti ndege yake ikiungua, wote hao hawapigwi tena. Kutangaza kwamba hakuna atakaeachwa hai ni uhalifu hata kabla hajauliwa mtu. Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949 unasema mateka akiulizwa analazimika kutoa jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, basi, jina la mama na matusi havimo. Na unasema alindwe na vitisho, matusi na kufanywa kitu cha kutazamwa na watu. Mateka hawezi kukataa kurikodiwa, na mamaake huko aliko ataiona ile klipu. Wajibu ule wa mkataba uko kwa dola inayomshikilia, haukukamati wewe ulokaa barazani Wete, lakini mchekaji wa nyuma ya kamera alirikodi kwa ajili ya watazamaji, na ukiifowadi umempelekea alichokitaka. Kwenye Suratul Insan aya ya 8 mateka katajwa pamoja na masikini na yatima kwenye watu wanaolishwa. Katekwa vitani huyo, alikuwa adui.

Hila je? "Vita ni hila" kila mtu anaijua. Na kweli hila zipo halali, kujificha kwenye majani, kuvizia, kuweka vifaru vya mbao kumdanganya adui. Ilokatazwa ni khiyana, yaani kumfanya adui akuamini kwa ile sheria yenyewe halafu ukamuua. Kupandisha bendera nyeupe ukapiga, kujifanya majeruhi, kupanda ambulensi yenye msalaba au hilali nyekundu ukamsogelea adui ukapiga. Ubaya wake ni kwamba kesho majeruhi wa kweli hataaminiwa. Na hapa kuna kazi ndogo unaweza kuifanya leo mtaani kwako, duka la dawa likichora msalaba mwekundu kwenye ukuta waambie kwa upole wabadilishe rangi, weka kijani, alama ile sio ya dawa, ni ya kinga ya vitani na ya jumuiya za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, ikizoeleka kila pahala inapoteza nguvu siku itakapohitajika kweli.

Upande wa uhakika wa klipu yenyewe mengi mnayajua, nitapita haraka. Suratul Hujurat aya ya 6 inatosha, ukiletewa khabari chunguza. Simamisha picha uangalie mabango, namba za gari, lugha wanayosema, kivuli na mvua. Itafute picha kwenye intaneti kama ilishatoka miaka ya nyuma, klipu nyingi ni kuukuu zimevaa jina jipya. Muulize alokutumia kaipata wapi, akisema "gurupu" basi hajui. Ila kama umeletewa na ndugu yako alieko kule na karikodi mwenyewe, usifute na usiibadilishe, mwambie aitume kama dokumenti maana wasap ikituma kama video inaibana na taarifa za ndani ya faili zinapotea, ifadhi pahala salama na uandike lini na wapi. Hiyo inaweza kuwa ushahidi siku moja.

Maneno nayo yapime. "Mauaji ya kimbari" yana maana yake tangu mkataba wa 1948, lazima iwepo nia ya kuliangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini, lote au sehemu yake. Mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikaa hapa hapa Tanzania, Arusha, 1998, kesi ya Akayesu wa Rwanda. Naona watu wanalikimbilia neno hilo wakidhani bila yake jambo linakuwa dogo. Sio dogo. Kumuua mateka mmoja tu ni uhalifu wa kivita kamili. Kumuandikisha mtoto wa chini ya miaka 15 jeshini ni uhalifu wa kivita, Lubanga wa Congo alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, 2012 kwa hilo. Kuvunja makaburi ya mawalii Timbuktu, Mali, al-Mahdi alihukumiwa miaka 9 jela mwaka 2016, na sisi wenye Mji Mkongwe tulielewe hilo vizuri.

Majibu mawili utayasikia kila baraza. "Wao ndo walianza" na "aliamriwa". La kwanza, uhalifu wao haukupi ruhusa ya wako, mikataba ya Geneva imeandikwa iheshimiwe katika hali zote. La pili, amri ya kuua mtoto au mateka haramu yake iko wazi hata kwa askari wa jana, na anaeitekeleza anaulizwa yeye pamoja na aliemuamrisha.

Cha mwisho ninachowafanyisha vijana ni kugeuza bendera. Ichukue klipu ileile, uisimulie upya kwa sauti mbele ya wenzio, upande wako uuweke kwa adui na adui umuweke kwako. Askari alopiga magoti awe mtoto wa shangazi yako. Lori la sokoni liwe lenu. Ikiwa jibu lako limebadilika basi ulikuwa hupimi ulikuwa unashabikia, rudi mwanzo anza tena. Suratul Maida aya ya 8 inasema chuki ya watu isikupeleke ukaacha uadilifu, na mimi zoezi lile limenishinda mara mbili tatu mwaka huu, nikalazimika kurudi kwa watu nilowaambia jambo nikawaambia nilikosea.

Tunakaa Jumamosi baada ya Alasiri chini ya mwembe nyuma ya skuli, wakubwa kwa wadogo, wanawake kwa wanaume. Mwenye tukio linamsumbua aliandike kwenye karatasi, nani kapigwa, wapi, lini, mlikuwa na nini, aje nalo tulijadili. Yule mzee wa Kagera kakubali kuja wiki ijayo. Klipu zenyewe ziacheni nyumbani.